Ukoga wa Mama

Kupang, 2 Julai

Kaka Okto,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Melki, mwenzako wa huko shambani aliyekuja likizo, ametuambia wamekuhamishia kwenye kupakia mikungu ya michikichi, na kwamba umekonda lakini bado unacheka ovyo. Sisi huku tupo. Mara tatu nimeandika kwamba hatujambo, na mara tatu nimeichana karatasi. Tafadhali kaa chini kwanza, usiisome barua hii umesimama.

Mtihani wangu wa mwisho nimeufanya, ule wa vitendo. Unajua shahada hii ya usafi wa kinywa haipatikani kwa vitabu peke yake. Kila mwanafunzi lazima alete mgonjwa wake mwenyewe, mwenye ukoga mgumu wa kutosha, amkwangue mbele ya mwalimu. Ukileta mtu mwenye meno safi unarudishwa mlangoni, unangoja mwaka mwingine. Ndiyo maana ikifika Januari sisi wa mwaka wa nne tunakuwa kama vichaa. Tunazunguka sokoni tukichungulia midomo ya bibi za watu. Delsi, yule rafiki yangu wa bweni, alimfuata mwanamume mmoja mpaka kanisani kwa sababu tu alimwona akipiga mwayo.

Mimi sikuhangaika. Mimi nina Mama! Miaka thelathini na tano ya tambuu, na hakuna mgeni anayeingia kwetu bila kufunguliwa kijaluba, na Mama hamwachi mgeni atafune peke yake. Darasa zima liliuonea wivu ukoga wake. Delsi alimwambia waziwazi aachane na mimi awe mgonjwa wake yeye, atamletea popoo nzuri za kwao. Mama akamjibu kwamba meno haya ni ya Yusti, na yeye akachungulie mdomo wa mama yake. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Siku yenyewe alikuja amevaa blauzi ya kanisani. Mwalimu Hendrika, yule mkali niliyekusimulia, aliligonga jino moja baada ya jingine kwa kile kichuma chake, akasema tangu aanze kufundisha hajaona ukoga mzuri namna ile. Mama akafurahi utadhani kasifiwa mapishi. Nikakwangua kwa muda wa saa mbili na nusu, mkono haukutetemeka hata kidogo. Kaka, nimepata alama za juu kuliko wote.

Halafu mwalimu akaushika ulimi wa Mama kwa kitambaa, akauvutia pembeni ili akague meno ya nyuma. Akabonyeza kwa kidole, akabonyeza tena, akaniambia nikamwite daktari wa zamu, haraka. Chini ya ubavu wa ulimi palikuwa na kidonda kigumu, kipana kama ukucha wa kidole gumba. Walikata kipande wakakipeleka kupimwa, na majibu yametoka Ijumaa. Ni saratani.

Nimeliandika neno lenyewe na bado siliamini. Jana asubuhi nilisimama bombani na mswaki mkononi, nikasahau unatumikaje. Mimi, niliyesomea meno miaka minne!

Watampasua Alhamisi ya tarehe 16. Daktari hakutuficha: wataondoa sehemu kubwa ya ulimi, na baada ya hapo huenda tusiyaelewe maneno yake tena. Mama huyu huyu, ambaye akigomba na mtu sokoni watu wanaacha kununua wasikilize! Daktari alisema kingeletwa Februari wangekata kidogo tu, angerudi nyumbani na kelele zake zote.

Mwalimu alimwuliza Mama kidonda kilianza lini. Mama akanitazama, kisha akasema ni tangu Februari, na kwamba mimi nilimsihi sana aende hospitali, yeye ndiye mkaidi. Sasa kila mtu ananipongeza. Mchungaji kanitaja ibadani Jumapili, binti aliyemwambia mama yake mapema. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kaka, Mama aliwadanganya. Februari, nilipokwenda nyumbani likizo, aliniambia ulimi unamwasha kila akiweka chokaa kwenye tambuu. Nilimulika kwa simu. Nilikiona. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, cheupe, na pembeni chekundu. Nilishafundishwa tangu mwaka wa pili kwamba kidonda cha namna hiyo kikipita wiki mbili hakingojewi. Nesi wa zahanati alishamwandikia barua ya kwenda hospitali, na alitaka kumsafisha meno siku ile ile. Nikaona ukoga wangu unaondoka. Nikamwambia Mama ni meno tu yanaukwaruza ulimi, avumilie mpaka Juni, nitamsafisha mwenyewe. Ile barua ya nesi niliikunja nikaiweka mfukoni mwangu. Ninayo hapa.

Akavumilia. Aprili aliacha pilipili, Mei akawa anakula uji, na kila nikipiga simu alinijibu kwamba ukoga upo salama, anautunza.

Nilipomwambia nitakuandikia ukweli alifoka, "Thubutu! Huyo kaka yako ana hasira, na wewe ndiye utakayebaki naye. Nyamaza hivyo hivyo!" Nimeshindwa kunyamaza. Na mwalimu Hendrika nitamwendea Jumatatu na ile barua ya nesi, hata wakininyima shahada.

Melki anapanda meli leo na barua hii. Ukishaipata, panda kile kilima chenu chenye mtandao umpigie Mama kabla ya tarehe 16. Mwache aseme anachotaka, akugombeze kuhusu sigara, aimbe akitaka, usimkatize. Mimi utanitukana baadaye, kaka, nafasi ipo. Mpigie yeye kwanza.

Mama Ance jirani anakusalimu, na Delsi pia. Mama anasema ule vizuri, usibebe mizigo ya watu wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina