Daraja Lisilo na Ngazi

Dada yangu kipenzi,

Mimi kaka yako ni mzima wa chuma. Nikimwendesha mhandisi mkuu, askari wananipigia saluti mimi, wakidhani bosi ni mimi mwenye tai!

Lile daraja la kuvusha magari juu ya reli ya kwenu limepata fedha. Ila leo garini nimemsikia mhandisi akimwambia mwenzake, "Fedha hazikutosha, ngazi za waenda kwa miguu tumezifuta kwenye mchoro."

Nikadakia, "Bosi, watoto wa shule watavukia wapi?"

"Wewe endesha gari, babu."

Dada, Jumatatu ujenzi unaanza. Barabara inafungwa, kwa hiyo geti la relini linang'olewa na mshika bendera anahamishwa, lakini treni zitapita kama kawaida. Nilipita taa nyekundu bila kuiona. Namwona akilini kitindamimba wako, yule ambaye treni ikipiga honi ndiyo kwanza anatimua mbio aiwahi.

Mshike mkono mwenyewe, hata akiona aibu mbele ya wenzake. Nimeomba ruhusa nije kusaidia kuwavusha, nimenyimwa. Nakuja hivyo hivyo.

Kaka yako,
dereva wa wakubwa mpaka Jumatatu