Mfuko wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Uji, chupa ya chai, bodaboda. Foleni ya malori ya mpakani imenichelewesha tena. Siku ya nne tangu Baba, mkwe wangu, apasuliwe tezi dume. Ana mpira wa mkojo, lakini anacheka, anaulizia mahindi yake ya shambani kule Mpemba. Daktari kasema Alhamisi nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Homa. Meno yanagongana. Nesi anasema vijidudu vimeingia kwenye mkojo, hapahapa wodini. Hapahapa! Nimemfokea mbele ya watu. Sinki halina sabuni tangu tulazwe. Wanatuulia mzee.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumbani wapi. Baba ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Sindano hazijamsaidia. Nimemwambia mume wangu, Elia, akamwone mganga mkuu. Eti "Taratibu, Mama Neema." Taratibu ya nini? Sitaki hata kumwona.

Ijumaa, 7 Machi
Leo barabara nyeupe, hakuna malori, nimefika mapema. Nimesimama mlangoni, hawajaniona. Mfuko wa mkojo unaning'inia chini ya kitanda. Elia kugeuka, kuniona tu, kaunyakua, kauweka juu ya tumbo la Baba, kafunika blanketi. Nesi akapiga kelele: "Nimeshakukataza! Ukiuinua, mkojo unarudi ndani!"

Kumbe kila siku. Kila nikija. Eti mkamwana asione mkojo wa baba mkwe. Mimi nalisha uji saa nzima, uchafu unamrudia kibofuni saa nzima. Kwa heshima yangu! Nani aliniuliza? Nina hasira na Elia, na shangazi zake waliomfundisha, na mimi mwenyewe. Blanketi lilivimba nikaliona. Nikajifanya sioni.

Sabuni bado hakuna. Hilo sijalisamehe.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi mkubwa kaamua nisiingie kabisa, ndiyo dawa. Nimekaa nje na hotpoti kama mgeni. Baba kakataa kula kwa mkono wa mwingine. Siku nzima, tumbo tupu, na homa ile. Wamelogwa hawa?

Jumapili, 9 Machi
Nimeingia bila kumwuliza mtu. Elia akanyoosha mkono kwenye mfuko. Nikamwambia auache.

Homa imepungua kidogo. Baba alinijua. Akageukia ukutani, machozi yanamtoka. Nikavuta kiti upande uleule wa mfuko, nikakaa.

"Baba, mimi ni mwanao."

Nikachota uji, nikashika kijiko. Uji ukaanza kupoa.

Kisha akageuka, akafungua mdomo.