Ushuhuda wa Jumapili

Husby, Uswidi, Januari 2011

Mwanangu Valéry,

Huku theluji imefika dirishani, lakini sisi ni wazima, na goti langu limepona. Dada yako Diane atakutumia maneno haya kwa kompyuta, maana simu yako haiingii tangu Jumatatu.

Kanisani wote wanajua kwamba mwanangu ni mtu wa serikali ya jimbo la Queensland huko Australia, anatengeneza barabara. Niliwaambia jimbo lako peke yake linaimeza Uswidi mara nne. Sasa televisheni inaonyesha mafuriko huko, magari yanaelea kama vibuyu. Nikasema jimbo ni kubwa, maji hayawezi kumfikia kila mtu. Dancille, yule wa kanisani, akaniuliza mbele ya watu, "Mama Valéry, huyo mtoto wako wa serikali hana simu?"

Nikajibu, "Alinipigia jana. Yuko mahali pakavu, anakula maharagwe."

Wakapiga vigelegele. Mchungaji naye akasema Jumapili nisimame nitoe ushuhuda, nimshukuru Mungu kwa kukuokoa.

Diane ananiambia, "Lugn, mamma," eti nitulie. Nitatuliaje? Dancille naweza kumdanganya, amezoea. Lakini nikishika kipaza sauti nitakuwa naongea na Mungu, na yeye anajua uko wapi. Mimi sijui.

Nipigie, baba. Hata kama uko kwenye tope, hata kama nyumba imeondoka na maji, nipigie kabla ya Jumapili.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama Valéry