Kitu Tumboni

Dada Skola,

Leo mama amepiga simu kutoka Mbeya. Majibu ya kile kinyama walichokukata yametoka: si saratani. Baba alikaa kizingitini akavua kofia. Mimi nilifurahi, kweli, ila furaha yangu ilichelewa kidogo, na ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka tulivyodhani ni vidonda vya tumbo? Mwaka mzima ulimeza dawa, na mama akikuchujia uji wa ulezi kwa mkono wake. Mpaka ulipozimia kanisani, tukaambiwa damu imepungua. Huko Mbeya wakakupitisha mpira wenye kamera kooni, wakaona uvimbe kwenye ukuta wa tumbo la chakula. Daktari akasema ni wa nadra sana. Hata ugonjwa wako, dada, hauna mwenzake. Mimi nikiugua ni mafua.

Nilikuonea wivu. Mlisafiri wiki niliyomaliza kidato cha nne, na hakuna aliyeniuliza mtihani ulikuwaje. Wewe mama alikufunika kitenge chake cha harusi. Mimi aliniachia kuku.

Kesho yake bombani, Mama Shija, jirani yetu, aliniuliza umekwenda wapi. Nikamjibu, "Ana kitu tumboni."

"Weee! Skola huyu wa kwaya? Miezi mingapi?"

Wanawake wakacheka. Unanijua, mbele za watu sauti hunikauka. Siku ile haikukauka, dada. Ilikuwepo, nikaimeza. Nikajitwika ndoo, na njiani nilijiona mrefu.

Tangu hapo wanakuita mama kijacho. Mwalimu wa kwaya amempa mwingine nafasi yako ya kuanzisha nyimbo.

Leo, baada ya simu, nilirudi bombani bila ndoo. "Skola amepasuliwa uvimbe wa tumbo la chakula," nikasema. "Si mimba. Siku ile nilijua mmenielewa vibaya, nikanyamaza."

Mama Shija alinitazama. "Kumbe una mdomo, wewe mtoto! Ulikuwa umeuficha wapi?"

Nikarudi nyumbani kukuandikia. Sasa hivi nakwenda kwa mwalimu wa kwaya.

Mama anasema utakuwa unarudi huko kuchunguzwa. Natamani safari hiyo nikusindikize mimi. Ukifika nyumbani, uji nitauchuja mimi. Kama hutaki kuniona, nitauweka mlangoni, nibishe hodi, niondoke.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia kitanda chote.