Wamemwandikia Marehemu

Jumatatu tarehe tisa, ndugu yangu. Leo hii.

Nimeenda shuleni na nguo zangu za kazi, zimejaa saruji, kuchukua fomu ya kumchagulia binti yangu sekondari. Si unajua anavyoitaka ile yenye maabara. Karani ananiambia, "Mzee, mwisho ulikuwa Ijumaa. Asiyechagua tunampangia."

Wamempangia ile isiyo na hata mwalimu wa hesabu!

Nikasema mimi sikupewa taarifa. Anajibu bila kuinua macho, "Tulimtumia mama yake ujumbe mara tatu."

Mama yake!

Mara tatu! Na mwalimu mkuu alikuja kumzika, akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Hawa wakubwa wakitaka michango wananipata mimi. Kubadilisha namba moja ya simu ndiko kumewashinda.

Nimerudi, nimemweleza mtoto. Hakulia. Akafungua kabati, akatoa simu ya mama yake, imezimwa tangu msiba. Akaichaji, akaiwasha. Ujumbe ukaanza kuingia. Wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Akaniuliza taratibu, "Baba, kwa nini hukuiwasha hata siku moja?"