Chumvi Niliyoinyamazia

Jumanne, Rumonge. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Sina raha.

Désiré ameungua. Tulisoma naye kemia Bujumbura. Mimi nikarudi kufundisha lycée, sekondari ya hapa, yeye akaenda ng'ambo kwenye maabara. Nilimtumia jerikani mbili za maji machafu ya kiwanda chetu cha mawese, yale yanayotiririka hadi ziwani, hapo hapo tunapochota ya kunywa. Alitaka kuonyesha kwamba uchafu wake unaweza kuteketezwa, maji yakabaki safi.

Njia yake ni hii. Maji yakibanwa kwa nguvu sana na kupashwa moto kupita nyuzi 374, si maji tuliyoyazoea tena, wala si mvuke. Tabia inageuka. Oksijeni, ambayo maji ya kawaida huipokea kidogo tu, huingia yote. Mafuta nayo huchanganyika humo na kuungua. Lakini chumvi hufukuzwa: ayoni, zile chembe zake zilizokuwa zimetengana majini, hushikana tena, na chumvi huanguka ikiwa ngumu.

Imeanguka ndani ya bomba, ikaliziba. Bomba limepasuka. Mikono yake yote miwili imefungwa bandeji.

Na chumvi hiyo ilitoka jikoni kwetu.

Nilimwomba mama anitunzie jerikani zisinuke kabla ya safari. Akazitia chumvi konzi kwa konzi, kama anavyofanya kwa samaki wa sangala. "Mwanangu, kitu ya kuoza dawa yake iko chumvi," aliniambia. Nilimwona. Nikajisemea, si kitu, kwenye moto itayeyuka tu. Mwalimu wa kemia mimi. Désiré hakuipima, kwa sababu nilimwandikia kwamba maji yametoka moja kwa moja kwenye mfereji wa kiwanda, hayajaguswa.

Jana aliniuliza, mkewe akimwandikia: mliongeza kitu? Nikajibu hapana.

Leo amejibu kwamba basi kosa ni lake. Wakubwa wake wanaifunga kazi, wanasema njia haifai. Amenipa pole, mimi na watu wa Rumonge.

Neno moja lingemsafisha, na labda wangejaribu tena. Naogopa, na haya imenijaa. Mchana mama kaniuliza kama maji yalifaa. Nimemwambia yalifaa sana.

Naandika hapa kwa Kiswahili kwa kuwa Désiré hakisomi.