Ubao wa Nyuma wa Mashua ya Mervyn

Normanton,
Queensland.
Jumapili, 16 Juni 2019.

Mpendwa shemeji Clarrie,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na yaliyo moyoni nitasahau adabu. Hujambo? Nyonga mpya inakutii, au bado unapanda ngazi umeshika ukuta? Na Noeline, kifua chake kinaendeleaje na baridi hiyo ya Hobart? Sisi huku miili ni mizima. Mervyn anakula, analala, anakoroma. Mimi ndiye silali.

Asante sana kwa asali. Ilifika imevuja kidogo, lakini Tahlia ameikomba chupa mpaka mwisho kwa kijiko kirefu. Huyu mjukuu wetu yuko nasi tangu mama yake aanze zamu za usiku hospitalini kule Mount Isa. Amerefuka, huwezi kumjua. Kaptura zote za mwaka jana zimemkataa.

Mafuriko yamekwisha na nyumba imekauka. Ila barabara ya kwenda Burketown imebaki matuta matupu, kama mtu kalaza bati la paa chini akakuambia haya, endesha juu yake. Ukifika meno yote yanacheza.

Sasa shemeji, kaa vizuri. Nakuandikia barua kwa sababu simu nimeshindwa. Wewe nusu unasikia, nusu unajibu ya kwako, na mimi nikipaza sauti Mervyn ananisikia mpaka bandani.

Ni ile mashua ya baba yenu. Naiogopa. Naiogopa jinsi mdogo wako anavyoivuta.

Ule mhimili wa chuma uliomtumia, wa kuegemeza mguu wa mashine ya mashua kwenye trela njiani, hajaufunga hata siku moja. Unajua uko wapi? Umezuia mlango wa banda la kuku. Kuku wangu ndio wanaosafiri salama.

Hasira yake unajua ilikotoka. Siku ile pale mnaposhushia mashua mtoni ulimwambia, "Merv, hicho kibanio ni cha kuishikilia mashine ikiinuliwa, fundi akiwa chini yake, si cha safari. Hata mtoto wa shule anajua." Ulisema kweli tupu. Lakini uliisema mbele ya wanaume wa mji mzima, na tangu siku hiyo kule baa hakuna anayemwita jina lake. "Kibanio huyo! Mpeni Kibanio bia yake!" Anacheka nao, akirudi nyumbani ananuna mpaka asubuhi. Halafu mhimili wako ukaingia kwa posta wiki ile ile. Jamani Clarrie, si ungetuma soksi?

Basi mwaka jana akanunua mashine nyingine, kubwa, nzito kama ndama. Ubao wa nyuma unaoibeba ni ule ule, bati nje na mbao ndani. Unaujua kuliko mtu yeyote, mbao zake za mwisho uliziweka wewe. Nilimuuliza, "Baba, ubao huo utaubeba mzigo huo kwenye matuta yale?" Akanijibu, "Barabara inapiga magurudumu, haipigi mashua." Hayo ndiyo majibu ninayopewa katika nyumba hii.

Wiki iliyopita aliivuta kwa njia hiyo ya Burketown, kwenda na kurudi, mashine imeinuliwa juu kabisa, inaning'inia kwenye kibanio chake. Na mikanda ya nyuma, ya kuibana mashua kwenye trela, aliilegeza, eti inakwaruza rangi. Jirani yetu Lindsay alikuwa nyuma yake katika vumbi. Alikuja kuniambia akiwa ameshika kofia mkononi, kama mtu aliyeleta msiba.

"Mama, ile mashine ilikuwa inaitikia kila tuta," akasema. "Ndiyo bwana, ndiyo bwana, njia nzima. Mashua inaruka, nayo inaruka, halafu inashuka na uzito wake wote."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nimwambie nani, Kibanio? Meno yenyewe yamebaki machache, nayahitaji."

Nilicheka, shemeji, Mungu anisamehe. Kesho yake kicheko kikanikauka. Nilikuwa naanika nguo karibu na trela nikaona maji ya rangi ya chai yanatoka kwenye bolti za chini za mashine. Mashua ilikuwa juani siku zote hizo! Nikaushika mguu wa mashine nikausukuma chini kwa nguvu zangu hizi za kizee. Pembeni mwa ubao ukafunuka mwanya, nikauachia mguu ukajifunga. Nikasukuma tena, ukafunuka tena. Niliingia ndani nikakaa kitako jikoni.

Nilipomwambia Mervyn akasema ni umande.

"Umande wa Normanton, mwezi wa sita, na ukavu huu?"

"Basi ni mavi ya ndege. Niache, mwanamke."

Jioni nikamkuta ameinama pale na kopo la rangi na brashi. Alikuwa amepaka gundi kwenye ule mwanya na anaufunika kwa rangi nyeupe, vizuri kabisa, hata ukipita huoni kitu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa rangi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, maana mtu anayepaka rangi anajua kuna kitu cha kuficha.

Sasa usiku nalala chali nahesabu. Shule zinafungwa mwisho wa mwezi. Amemwahidi Tahlia safari ya Burketown, walale mahemani, wavue mpaka mlangoni mwa mto. Unapajua mahali pale. Maji yakianza kutoka yanakwenda baharini na kila kilicho juu yake, na mamba wake ni wale wale uliowaacha. Ubao huo ukikatika barabarani, tutaokota vyuma tutukane. Ukikatikia pale mlangoni, mashine inazama, maji yanaingia kwa nyuma, na mdogo wako ana bega moja tu linalofanya kazi. Na mtoto? Hata wiki iliyopita alitakiwa aende naye. Sikio lilimuuma asubuhi ile, nikamzuia. Sikio tu, Clarrie.

Wenyewe wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimelima mpaka nimechoka. Nyinyi wawili hamjasemezana tangu siku ile, na mimi katikati yenu napeleka salamu za uongo. "Clarrie anakusalimu," namwambia. "Merv anakusalimu," nakuandikia. Hakuna aliyesalimu mtu. Natamani ningewashika masikio wote wawili.

Leo wakati wa chakula cha mchana nilivumilia nikashindwa. Nikasema mezani, wazi, kwamba Tahlia hatapanda mashua ile. Mervyn akaweka uma chini. "Basi mwambie mwenyewe, maana mimi nilishamwahidi." Nikamwambia mtoto. Alilia, nami nikamwacha alie. Kisha akamgeukia babu yake.

"Babu, kwani mashua yetu mbovu?"

Mervyn akafungua mdomo. Akasema, "Si mbovu," lakini alisema akitazama sahani, na mtoto akamwangalia sana. Akainuka akaenda zake chumbani. Mervyn naye akatoka nje, chakula akakiacha. Ndipo nikachukua karatasi nikuandikie.

Nilitaka kukuomba kwamba

Nisamehe, niliiacha kalamu hapo. Nimerudi, na karatasi imechafuka, soma hivyo hivyo.

Nilisikia mnyororo wa kunyanyulia mizigo bandani, nikajua anaitoa mashine. Peke yake, na bega lile. Nikataka kukimbia nikamshikie, nikajizuia. Mnyororo ukaacha kulia, nikafikiri imemwangukia. Ndipo akaingia na viatu vya vumbi mpaka kwenye meza yangu, akafungua ngumi juu ya karatasi hii. Mbao zako, shemeji. Nyeusi, zimelowa chapachapa, ukizisugua kwa vidole zinasagika. Doa unaloliona kwenye ukurasa huu ni hilo. Anasema bolti mbili za chini zilitoka kwa vidole, hakugusa spana.

Hakukaa. Jina lako liko juu ya barua, akaliona. Nikangoja anifokee.

Akasema, "Huwa namkalisha Tahlia nyuma pale pale, Glenys. Namwachia ashike mashine. Kila mara anakaa pale pale."

Akalia. Tulipomzika baba yenu hakulia, wewe ni shahidi. Leo amelia amesimama, mikono imejaa uozo, na mimi nikamshika kiunoni tukalia wote, maana nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu.

Alipopata pumzi akasema, "Mwambie kaka aje. Aje na vifaa vyake."

Basi nimekuambia. Njoo shemeji, nyonga na yote, tutakuwekea kiti bandani. Safari ya Burketown imeahirishwa mpaka wewe mwenyewe useme ubao umekuwa ubao, na Tahlia ameshaambiwa hivyo na babu yake mwenyewe, kwa mdomo wake. Ila nakuomba kitu kimoja, nakipigia magoti. Ukifika usimwambie "nilikuambia." Wala usitabasamu. Mpe mkono, uliza chai iko wapi, muanze kazi.

Nisalimie sana Noeline, mwambie avae kitu kizito shingoni. Salamu kwa kijana wenu Rhys na mkewe. Lindsay anakusalimu. Tahlia anauliza kama asali bado ipo huko. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na awalinde wote mnaovuka maji.

Na Mervyn anakusalimu. Safari hii ni kweli.

Ni mimi wako akupendaye,
shemeji yako,
Glenys